Mvule Uliopandwa Jumamosi

Nchi yenyewe sitaitaja. Iko mbali sana, watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, na msomaji akihisi kwamba amewahi kumwona mahali mtu kama Bwana Sekiete, basi huenda ni njaa tu. Ale kwanza, ndipo aendelee kusoma.

Nchi hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mtukufu, na Mtukufu alikuwa hainami. Hakuzaliwa hivyo. Zamani aliwahi kuinama mara moja mbele ya umati, kufunga kamba ya kiatu, na jioni yake daraja la mto mkubwa likabomoka. Wataalamu wakaenda kuchunguza. Wakakuta kwamba saruji ya daraja haikuwa na kosa lolote, kwa sababu haikuwemo. Kosa lilikuwa la kamba ya kiatu. Ikapitishwa sheria. Tangu hapo utepe wa uzinduzi ulifungwa usawa wa kifua, na watoto wa kupewa zawadi walipandishwa juu ya meza.

Na kwa kuwa Mtukufu aliyapenda sana mazingira, kila mwaka alipanda mti. Mche ungemlazimu ainame, kwa hiyo ulitafutwa mti mzima. Uling'olewa huko ulikoota, ukabebwa kwa lori, ukasimikwa mbele ya jukwaa, naye akauwekea kiganja na kutamka, "Nimekupanda." Makofi yakafuata. Miti hiyo yote ilikauka, lakini Manispaa ilikuwa macho. Kila ilipokaribia sikukuu, iliipaka rangi ya kijani.

Sasa, mbali na Manispaa, alikuwepo Bi. Havijawa, mhifadhi wa Msitu na Kinamasi cha Malowa. Cheo hicho kisikutishe. Alikuwa na ofisi ya mabati, mtumbwi uliovuja, na askari wa msitu mmoja, Ngwali, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko panga lake. Miaka ya nyuma Serikali ilikuwa imechimba mifereji na kukikausha kinamasi ili ilime miwa. Miwa ikagoma kuota. Wachana mbao nao wakaona ardhi imekauka, malori yanapita, wakaimaliza mivule. Haukupita muda, visima vya vijiji vyote vya Malowa vikaanza kutoa tope.

Bi. Havijawa alikuta hali hiyo. Aliwakusanya wanakijiji, wakaziba mifereji kwa magunia ya udongo, na maji yakarudi kidogokidogo, na kambale, na korongo. Msitu ndio uliokuwa kazi. Ulibaki mvule jike mmoja tu, kwenye mwinuko mdogo ukingoni mwa maji, mnene kiasi kwamba watu wazima sita wakishikana mikono hawakuuzunguka. Madume machache yalikuwepo ng'ambo ya mto, lakini mbegu zote za kitalu chake cha miche zilitoka kwa jike huyo. Mvule ule ukienda, hakuna miche. Bila miche hakuna msitu, na bila msitu maji yasingekaa. Bi. Havijawa aliyajua hayo usingizini na akiwa macho, ndiyo maana kila aliposikia mngurumo wa injini alitoka mbio kwenda kutazama.

Alhamisi moja aliusikia mngurumo huo, na haukuwa wa lori. Ulikuwa wa tingatinga.

Mbele ya tingatinga alitembea Bwana Sekiete, Mkuu wa Itifaki ya Taifa, amevaa suti nyeusi na viatu vilivyoanza kujuta. Alikuwa amenyooka kama mtu aliyemeza fimbo, maana watumishi wa Mtukufu nao walikatazwa kuinama saa za kazi.

"Mama, hongera," alisema. "Mtukufu ameichagua Hifadhi yako. Jumamosi anakuja kuizindua rasmi na kupanda mti. Tunataka mti wenye hadhi. Nimeuona ule pale."

Alinyoosha kidole, na Bi. Havijawa hakuhitaji kugeuka ajue kinaelekea wapi.

"Mheshimiwa, ule ndio mama wa msitu wote. Ukiung'oa, utakufa."

"Utasimikwa pale barabarani, mbele ya jukwaa. Siyo mbali."

"Utakufa, mkuu. Mti wa ukubwa ule hauhami."

"Mama," Bwana Sekiete alisema kwa upole wa mtu mwenye tingatinga, "kuung'oa ni kazi ya Itifaki. Kuusimika ni kazi ya Ujenzi. Kufa ni suala la Mazingira, na Mazingira wamealikwa, watakuwepo. Kijana, funga mnyororo!"

Dereva alishuka na mnyororo begani. Ngwali alimtazama bosi wake, akatazama panga lake, akaona ni dogo mno. Wanawake waliokuwa wakimwagilia kitalu waliweka ndoo chini. Mnyororo ulizungushwa kwenye shina, ukakwaruza gome, na kutoka juu nyuki wa mzinga wa Mzee Lugendo, mrina asali wa kijiji, wakaanza kunung'unika. Bi. Havijawa alijua kwamba hasira na woga havingemsaidia kitu. Kwa mtu kama huyu huombi huruma. Unaomba itifaki.

"Sawa, mkuu," alisema. "Nina swali dogo tu la utaratibu. Mti mkubwa ukisimikwa upya, udongo wa hapa ni laini, lazima ulale upande kidogo. Sasa siku ya Jumapili, wageni wakipita pale barabarani wakaukuta mti wa Mtukufu..." Akashusha sauti. "Umeinama."

Bwana Sekiete aliganda. Mkono wake ukapanda hewani wenyewe.

"Fungua mnyororo!" alifoka. "Nani kakwambia ufunge? Unataka kutuua?"

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa kwamba Mtukufu ataupanda mvule palepale ulipo. Udongo mbichi ulirundikwa kulizunguka shina ili mti uonekane ndiyo kwanza umesimikwa. Mbao zilitandikwa juu ya tope. Mkaguzi wa usalama aliutazama sana mzinga wa nyuki ule, mkongwe, umeota ukungu, akauliza mti unaopandwa Jumamosi umepataje mzinga wa zamani. Ngwali alimjibu kwamba nyuki walipewa taarifa mapema wakajiandaa, na mkaguzi akaridhika.

Jumamosi watu waliletwa kwa malori. Mtukufu alipita juu ya mbao akiwa amenyooka, mbao zikilialia, na Bwana Sekiete nyuma yake akiomba dua kwa midomo bila sauti. Hakuna aliyepumua mpaka kiganja kilipotua kwenye gome.

"Nimekupanda," alisema Mtukufu.

Makofi! Waliopiga ni mawaziri, ni walimu, ni wanakijiji ambao mababu zao walipumzika chini ya mti huohuo. Mzee Lugendo, ambaye mzinga ule babu yake ndiye aliyeutundika, alipiga na yeye. Mtangazaji wa redio, kijana mwenye bidii isiyotakiwa, alimsogezea Bi. Havijawa kipaza sauti.

"Mhifadhi, wasikilizaji wangependa kujua, mti huu una umri gani?"

Makofi yakakatika. Bwana Sekiete alifumba macho. Walinzi waligeuza vichwa, na Mtukufu mwenyewe akageuka polepole, mwili mzima, maana shingo nayo ilikuwa haikunjwi. Bi. Havijawa aliuona mnyororo ukiwa bado umelala kando ya tingatinga.

"Umepandwa leo," alisema.

Makofi yakarudi, safari hii makubwa zaidi, ya watu waliookoka.

Na mambo yakawa mazuri, usidhani hayakuwa. Paliwekwa kibao chenye jina la Mtukufu na tarehe, na kwa hofu ya kibao hicho hakuna hata mmoja wa wachana mbao aliyethubutu kusogea Malowa. Kinamasi kilijaa. Visima vikatoa maji ya kunywa. Kila msimu popo walikuja kula matunda ya mvule, wakadondosha mbegu huku na kule, na zile ambazo Bi. Havijawa alizikusanya zilijaza kitalu mpaka miche ikakosa nafasi. Aliona aibu kidogo kila alipopita penye kibao. Lakini miche ilikuwa inaota, naye akajiambia kwamba aibu haikaushi mti.

Asubuhi moja redio ilianza kupiga nyimbo ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Mchana ikatangazwa kwamba Mtukufu amesafiri ghafla kwa ajili ya mapumziko, akiwa peku, na kwamba nchi sasa iko mikononi mwa Ndugu Mnyenyekevu.

Ndugu Mnyenyekevu alikuwa mtu mwema na tofauti kabisa. Yeye aliinama. Aliinama kwa wakulima, kwa mabalozi na kwa kamera, na akasema taifa liliharibiwa na watu walionyooka. Kufikia mwisho wa wiki, hapakuwa na mtumishi wa Serikali aliyeonekana uso. Waliingia ofisini wameinama, wakasalimiana visogo. Kisha likatoka agizo: kila kilichosimamishwa, kilichojengwa au kilichopandwa na yule wa zamani king'olewe, ili nchi ianze upya.

Tingatinga lilirudi Malowa. Mbele yake, mikono ikikaribia magoti, alitembea Mwenyekiti wa Kamati ya Kung'oa, Bwana Sekiete.

"Shikamoo, Mama," alisema akiutazama udongo.

"Marahaba," alijibu Bi. Havijawa, ingawa mkubwa kwa umri alikuwa Sekiete. Unyenyekevu ulikuwa umebadilisha hata shikamoo.

"Tumekuja kwa ajili ya ule mti uliopandwa na dhalimu."

"Haukupandwa na mtu yeyote, mkuu. Unajua. Mti huu ulikuwepo nchi hii haijapata hata jina."

"Ulisema kwenye redio umepandwa siku ile."

"Nilidanganya!" Sauti ilimpasuka. "Nilidanganya ili usiung'oe wewe! Ulikuwa umesimama pale pale ulipo, mnyororo wako ukiwa pale!"

Bwana Sekiete aliinama zaidi kidogo. "Mama, tafadhali. Mimi siku ile nilishuhudia mti ukipandwa. Nilipiga makofi. Mtu hapigi makofi kwa uongo. Au unataka kusema Kamati nzima, pamoja na wananchi hawa, walimpigia dhalimu makofi huku wakijua?"

Wananchi hao walikuwa wamejaa kingoni mwa kitalu. Bi. Havijawa aliwageukia. Aliwajua wote, alikuwa amebeba nao magunia ya udongo vichwani. Walitazama chini, na safari hii si kwa unyenyekevu.

Mzee Lugendo akajitokeza. "Mimi nitasema. Mzinga ule kautundika babu yangu mzaa baba, na yeye aliukuta mti huo ukiwa hivyohivyo."

"Vizuri, mzee," alisema Bwana Sekiete. "Siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulipiga makofi?"

Mzee Lugendo aliikodolea macho mikono yake, kama inayoweza kumponza mbele ya watu.

"Kidogo," alisema.

"Kaa chini, mzee wetu."

Akakaa. Hakuna mwingine aliyesimama. Bi. Havijawa alikwenda akauegemea mvule, mgongo kwenye gome, mikono imetanda, na gome lile lilikuwa na joto la jua la asubuhi. Tingatinga lilisogea mpaka akalisikia likimpumulia moshi usoni. Dereva alizima, akawasha, akazima tena.

"Mama, toka," alisema dereva. "Nina watoto."

"Na mimi ninao," alisema Bi. Havijawa, akaonyesha kitalu kwa kidevu.

Ngwali ndiye aliyemtoa. Alimshika mabega kutoka nyuma, akamnong'oneza, "Mama, wakikuua na wewe, miche ile nani ataimwagilia?" Bi. Havijawa alipiga mateke, alimtukana Ngwali matusi ambayo watu wa Malowa hawakujua anayajua. Mnyororo ukakaza. Mizizi ilikatika mmoja mmoja kwa mlio mkubwa, na nyuki walitoka kama moshi, wakawauma wote bila kuangalia nani alipiga makofi. Mvule ulipolala, ardhi ilitikisika hadi maji ya kinamasi yakafanya mawimbi.

Bi. Havijawa alilia mbele ya kila mtu na hakujifuta.

Shina lilipokatwa ili libebwe, mviringo baada ya mviringo ulionekana, mmoja kwa kila mwaka, mwembamba, umebanana, ndani ya mwingine na mwingine. Mjumbe mmoja mgeni alianza kuihesabu kwa kidole, akatokwa na jasho, akaacha. Kwenye taarifa ya habari ya usiku Kamati ilieleza yaliyogunduliwa: ufisadi wa utawala uliopita ulikuwa umefikia kiwango cha kutisha, kiasi kwamba mti uliopandwa juzi tu ulikutwa umejilimbikizia miaka mingi kinyume cha sheria. Wananchi waliombwa wawe watulivu wakati miaka hiyo ikirejeshwa Hazina.

Siku chache baadaye Bwana Sekiete alirudi tena, akiwa na furaha ya mtu mwenye habari njema. Ndugu Mnyenyekevu atakuja mwenyewe kupanda mti mpya palepale shimoni. Mche, bila shaka. Mdogo iwezekanavyo, ili ainame mpaka chini.

"Tupe mche bora kuliko yote, Mama."

Alipoondoka, Ngwali alisugua mikono. "Mama, hapo tumepata. Tumpe ya mvule. Tena tumpe mingi, apande eka nzima. Nani atagusa?"

Bi. Havijawa alikuwa amechuchumaa katikati ya kitalu. Ilikuwa imebaki miche ile tu, watoto wa mti ule, hakuna tena mahali pa kupata mbegu. Aliyawaza maisha ya mvule, kisha akayawaza maisha ya kiongozi.

"Huyu naye atasafiri siku moja," alisema. "Halafu watakuja kung'oa."

"Sasa tunampa nini?"

"Mpapai."

Ngwali alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvule uanguke. Na kweli, Ndugu Mnyenyekevu alikuja, akainama mpaka paji la uso likagusa tope, akapanda mpapai, akauita mvule wa matumaini. Makofi! Mti wenyewe ulikubali kazi yake bila kinyongo. Ukakua haraka, ukazaa haraka, na kibao chake kilikuwa kizito kuliko shina.

Kabla mvua hazijakatika, Bi. Havijawa na Ngwali waliibeba miche ya mvule kwa mtumbwi, wakivuka mpaka kwenye vichuguu na miinuko ya ndani ya kinamasi, ambako gari halifiki na jukwaa halisimami. Wanakijiji walikuja bila kuitwa, Mzee Lugendo akiwa wa kwanza, na hakuna aliyesema lolote kuhusu siku ile. Walipanda ovyo makusudi, mmoja huku, miwili kule, hakuna mstari, hakuna kijiti, hakuna kibao. Mtu akikanyaga, Bi. Havijawa alifuta nyayo kwa tawi.

Mvua zikaja nyingine na nyingine. Ndipo Bwana Sekiete alipokuja kwa ukaguzi wa mwaka, na kwa bahati mbaya akataka kuona kila mahali. Bi. Havijawa akamwingiza mtumbwini. Alipiga kafi taratibu kadiri alivyoweza. Walipopita matete, ikatokea mbele yao miti, michanga, ya kijani kibichi, ikimzidi mtu mzima urefu, imetapakaa kwenye kila mwinuko.

Bwana Sekiete alishuka, akazama mpaka kwenye vigimbi vya miguu. Alisogea kwenye mti mmoja, akaushika jani.

"Huu ni mvule."

"Ndiyo, mkuu."

"Nani kapanda?"

Ngwali aliacha kuyachota maji mtumbwini. Bi. Havijawa aliificha mikono yake nyuma, ilikuwa na tope jeusi hadi kwenye viwiko.

"Popo," alisema.

"Popo?"

"Wanakula matunda, wanadondosha mbegu. Imejiotea tu."

Bwana Sekiete aliligeuza jani upande wa pili. "Na popo hao," aliuliza taratibu, "ni wa upande gani? Wa yule, au wa huyu?"

"Hawana upande, mkuu. Wananing'inia tu."

Bwana Sekiete aligeuka nyuma. Matete yalikuwa marefu, hapakuwa na dereva wala kamera. Basi pole kwa pole, akishikilia kiuno, alianza kunyooka. Mifupa ya mgongo ililia mmoja baada ya mwingine, mpaka akasimama wima kabisa na kuinua uso, na Bi. Havijawa akaona kwamba amezeeka sana. Alizitazama ncha za ile miti. Alitazama ng'ambo, kule ambako mpapai ulikuwa umeanza kupauka.

Karibu na kiatu chake ulikuwepo mche mmoja uliodumaa, umelazwa na maji, mizizi nje. Aliutazama. Kisha akainama, na safari hii hakuinama kwa ajili ya mtu yeyote. Akaisukumia mizizi ndani ya tope, akashindilia kwa viganja viwili, akausimamisha, akaushikilia mpaka ukatulia.

"Na huo, mkuu?" aliuliza Bi. Havijawa. "Wakiniuliza, niseme kapanda nani?"

Bwana Sekiete alisuuza mikono yake kinamasini, akaifuta kwenye suti.

"Popo," alisema, akapanda mtumbwini.